Gemu Yenye Giza Kuliko Zote

Shemeji alizipanga diski tatu za gemu mezani kama mtu anayegawa karata, akatangaza kwamba leo mimi sina kura.

"Wewe kura yako ni ya chai tu, na sukari utie mwenyewe," akasema. "Kila Jumapili mpira. Mpira, mpira, mpira! Hata refa wa mle ndani amechoka na sura zetu."

Ilikuwa saa tisa alasiri, mapazia tumeyafunga ili runinga ionekane vizuri. Mke wangu alikuwa nyuma yetu kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha suruali ya mteja aliyekondeshwa na mawazo. Kila alipofika mwisho wa mshono mashine ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena. Shemeji ni mdogo wake wa mwisho. Dada mtu alimlea mgongoni, na ndiyo sababu kijana akija kwetu hula kwanza, akasalimia baadaye.

Diski ya kwanza ilikuwa ya mpira. Ya pili ya mbio za magari. Ya tatu ilikuwa ndani ya ganda jeusi lenye picha ya enzi za wafalme na mapanga: ngome juu ya jabali, askari aliyevaa deraya ya chuma ameinua mwenge, na nyuma yake kitu chenye pembe ambacho ni kama mchoraji mwenyewe aliogopa kukimalizia.

"Hii," shemeji akasema, akaigonga kwa kidole. "Ngome, mizimu, watawa waliooza. Leo tunakufa kiume."

"Mizimu sitaki. Tucheze magari."

"Mtu mzima na ndevu zako unaogopa katuni?"

Nikacheka, maana utani wa mashemeji haujibiwi kwa kununa. Lakini viganja vyangu vilikuwa vimeshaanza kutoa jasho.

Naomba nieleweke. Mizimu ya kuchora haijawahi kuninyima usingizi. Mimi ni mwendesha winchi. Kibanda changu kiko juu ya mnara wa chuma, juu kuliko ghorofa ya kumi na tano ya jengo tunalojenga, na kwa miaka kumi na tisa nimepitisha nondo, mbao na ndoo za zege juu ya vichwa vya watu. Kazini wananiita Mwewe, kwa kuwa niliweza kushusha mzigo wa tani mbili kando ya kikombe cha chai na chai isimwagike. Nasema niliweza. Jicho langu la kushoto limekwisha, na la kulia limeanza kuliwa, likianzia upande wa puani.

Watu hudhani asiyeona huona weusi. Si kweli, angalau kwangu si kweli. Upande wangu wa kushoto hauna weusi. Hauna kitu kabisa, na vile vinavyobaki vinajishona vyenyewe vikawa kitu kimoja kizima, ukadhani dunia yote iko mbele yako. Kila asubuhi kibandani, kabla ya kuwasha mashine, nilinyoosha mkono wa kushoto pembeni na kuuleta mbele taratibu huku nimekaza macho mbele, nione kidole kitatokea wapi. Kidole kilikuwa kinachelewa. Kila mwezi kinachelewa zaidi. Siku nyingine niliogopa hadi nikageuza kichwa kidogo ili kiwahi, najidanganya mwenyewe, peke yangu, huko juu angani.

Kwa daktari sikwenda. Daktari angeandika, na likishaandikwa, ningeshushwa. Huko juu mimi ni Mwewe. Chini ni mzee mwenye kitambi anayejikwaa kwenye ndoo.

Kwenye mwanga mwingi nilijikongoja. Uwanja wa mpira ni kijani kitupu na jua la saa sita, niliumudu. Magari nayo yanakwenda mbele tu. Giza ndilo lililokuwa linaniumbua, na gemu ya ngome ni giza kuanzia ganda lake.

Tena kuna jambo sijalisema. Yule anayesimama chini ya mzigo wangu, mwenye fulana ya rangi ya chungwa na redio mkononi, anayeniashiria niinue au nishushe, ni huyuhuyu shemeji. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Dada yake alinishika mkono siku ile akaniambia, "Nakukabidhi." Kesho yake, Jumatatu saa moja asubuhi, tulikuwa tunaanza kupandisha mihimili ya chuma ya paa, mizito kuliko yote tuliyowahi kuinyanyua pale, na yeye angekuwa chini yake.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nashusha fungu la nondo. Nikasikia redio inapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Nikasimamisha. Fundi mbao alikuwa ameinama anapigilia misumari upande wa kushoto, na nondo zilimvua kofia. Kofia tu. Alikaa chini akawa anaishikashika. Msimamizi akauliza kulikoni, shemeji akajibu, "Upepo." Nami kutoka juu nikasema, "Upepo." Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha tiketi. Tulifunika kombe, kazi ikaendelea.

"Dada, wewe ndiye mwamuzi," shemeji akasema. "Mpira, magari, au ngome?"

"Wekeni hiyo ya mizimu," mke wangu akajibu bila kuinua uso. "Angalau mtapiga kelele kwa sababu ya maana."

Basi nikawa nimeshindwa kura mbili kwa moja nyumbani kwangu mwenyewe.

Shemeji aliitia diski, akanipa pedi ya kuchezea. Nilidhani nitapata nafasi ya kupumua wakati inafunguka. Sikujua kwamba gemu za namna hii, kabla hujaona mzimu wowote, hukupima macho kwanza. Ulikuja ukurasa mweusi, na chini yake maneno. Shemeji akanisomea: "Geuza mwangaza mpaka ngao ya kushoto ionekane kwa shida."

"Ngao zipo ngapi?" nikauliza. Nilijiona mjanja kuuliza hivyo.

"Tatu."

Mimi nilikuwa naona moja na nusu.

Nikaanza kuongeza mwangaza. Nikaongeza. Kifuani moyo ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Ngao ya katikati ikaja yote, ya kulia ikawaka nyeupe, na ya kushoto haikuja. Ningegeuza kichwa ningeiona, lakini shemeji alikuwa ananitazama mimi, hatazami runinga. Nikaongeza mpaka kipimo kikagota.

"He! Umeianika ngome juani!" akasema. "Hivi mzimu gani atatoka kwenye mwanga huu? Lete." Akaichukua pedi, akapunguza, akapunguza tena, mpaka sebule yote ikaingia giza. "Haya. Hapo unaiona?"

"Naiona."

"Ya kushoto?"

"Shemeji, nimesema naiona. Unataka niape?"

Cherehani ilinyamaza, kisha ikaendelea. Nilifurahi ilipoendelea.

Sheria yetu ni kwamba anayekufa anampisha mwenzake. Alianza yeye. Askari wake aliingia langoni, akapita ua wenye maiti zilizotundikwa, akashuka ngazi za mawe. Maji yalikuwa yanadondoka mahali, na kila tone lilisikika. Akafa upesi mno, mtu ambaye kwa kawaida hafi hata ukimwombea. Akanisogezea pedi.

Nilikaa mbele kabisa ya kochi, magoti yanakaribia kugusa runinga. Korido ilikuwa nyembamba, mwenge ukimulika hatua mbili tu. Nikaenda hatua tatu, nikafa. Sikuona kilichoniua. Nilisikia mguno kushoto, kisha skrini ikawa nyekundu.

"Ah, shemeji, yule alikuwa amesimama wazi kabisa!" Akacheka. "Rudia, nimekusamehe."

Nikarudia. Nikafa palepale. Mara ya tatu nilijibanza ukuta wa kushoto ili kusiwe na upande wa kushoto, nikajiona nimepata akili, nikafa kwa kutumbukia shimoni. Alicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mara ya nne hakucheka. Shati lilikuwa limenishika mgongoni. Niliogopa kila kilichokuwa ndani ya ile ngome, na sikuwa nimeona hata kimoja.

"Pole pole," shemeji akasema, sauti yake imeshuka. "Fika pale kwenye ngazi. Ehe. Sasa simama. Unamwona yule mzee aliyekaa chini ya ngazi, hapo kushoto?"

Sikumwona.

"Namwona," nikasema.

"Huyo usimpige, huyo ndiye wa kutusaidia. Amevaa nini?"

"Si unamwona mwenyewe?"

"Nataka kujua kama ni yule ninayemfikiria. Wako wawili."

Ndani ya ngome kila mtu huvaa joho. "Joho," nikasema.

"La rangi gani?"

"Jeusi. Limechakaa."

"Ana ndevu?"

"Kidogo. Shemeji, tunacheza au tunaposa?"

Hakujibu utani wangu, na hilo halijawahi kutokea tangu nimwoe dada yake. Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Maji yakaacha kudondoka.

"Shemeji," akasema. "Pale hakuna mzee."

Niliendelea kutazama mbele.

"Ngazi zipo. Mzee hayupo. Nimemtunga sasa hivi, na wewe umemvisha joho na kumwotesha ndevu."

Mtu akishikwa ugoni hana neno zuri la kusema, kwa hiyo nikakasirika. Ndiyo njia iliyokuwa karibu. Nilisimama nikamwambia ameingia nyumbani kwangu, amekula kwenye meza yangu, halafu ananitega kama panya. Nilimwambia mimi ndiye niliyemtoa kwenye kusukuma toroli. Nilisema mengi, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko chumba.

"Nimekutega, ndiyo," akasema. Hakusimama. "Jana nimekwenda duka la gemu, nimemwambia muuzaji sitaki gemu nzuri, nataka yenye giza kuliko zote. Akaniuliza kama niko sawa. Shemeji, Alhamisi nilikupa ishara ya kusimama mara tatu. Hivi." Akainua mkono, ngumi imefungwa. "Mara tatu, kabla ya kupiga kelele kwenye redio. Nikajiuliza, Mwewe ananidharau, au hanioni?"

"Ulisema upepo."

"Nilisema upepo kwa sababu ni mume wa dada yangu. Na tangu niseme, chakula nakila kwa kuwa nimezoea." Akashusha mkono. "Ijumaa na jana sikusimama mahali pangu. Nilihamia kulia. Hukugundua?"

Niligundua, lakini vingine. Ijumaa nilikuwa nimemwona vizuri, fulana yake yote, hata mistari ya kung'aa. Jana vilevile. Nilijiambia jicho linapona. Nilifika nyumbani nimenunua mkate wa zabibu, napiga mluzi, na mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia basi tu, nina furaha. Nilipokumbuka ule mluzi, nikakaa.

"Usimwambie mtu," nikasema. Sikuwa tena na sauti kubwa. "Nakuomba. Simama kulia hivyohivyo. Tumalize hili paa, nitakwenda kwa daktari, naapa. Wewe nakuona ukiwa kulia. Wewe huna hatari yoyote."

"Mimi sina," akasema.

"Kushoto kwako wanafanya kazi akina nani?"

Niliruka kwenye kochi. Ilikuwa sauti ya mke wangu, na ilitokea sikioni kabisa. Alikuwa ameacha cherehani, amekuja, amesimama kushoto kwangu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Aliniona nilivyoruka, na nikaona uso wake unabadilika, maana hata kama alikuwa bado na shaka, ile shaka ilimtoka.

"Nimekuuliza," akasema. "Mdogo wangu amehamia kulia. Kushoto kuna nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilianza na fundi mbao, yule wa kofia. Nikasema wapo wafunga nondo, wanne. Kisha nikakumbuka wale wanne walikuwepo tulipokuwa ghorofa ya tano, na sasa tuko ya kumi na tano. Kuna mama mmoja alikuwa anabeba maji ya kumwagilia zege. Je, bado yupo? Ni yule yule? Nilijaribu kuiona sehemu ile ya jengo kama ilivyokuwa jana, na kilichokuja ni mbao tupu, safi, hazina mtu, kama vile hakuna anayefanya kazi pale kabisa.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Sijawaona. Sijui ni akina nani."

"Mficha maradhi..." akaanza, nikamwomba asimalizie. Hakumalizia. Alichukua simu yangu mezani, juu ya zile diski, akanipa. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Ningependa kusema nilipiga kwa ushujaa. Nilipiga kwa sababu walikuwa wawili wamenisimamia, na kwa sababu nilikuwa nikifumba macho naona zile mbao tupu, na juu yake mhimili unashuka.

Msimamizi alipokea kwa furaha, nyuma yake watu wanacheka. "Mwewe! Mihimili imeshafika, mizuri hiyo! Kesho usichelewe."

"Kesho sipandi."

"Unaumwa?"

"Sioni."

Akacheka. Alidhani ni utani, na simlaumu, nilikuwa nimemzoesha. Nikamwambia tena, polepole, kwamba sioni upande wa kushoto, kwamba Alhamisi nilidanganya na nilidanganya peke yangu, shemeji hana kosa. Vicheko vya nyuma yake vikapungua. Nadhani alikuwa anatoka nje. Mlango ukafungwa.

"Tangu lini?" akauliza.

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia, kuliko daktari, kuliko giza, kuliko kushuka chini. Shemeji alinitikisia kichwa kunipa moyo. Yeye alifikiri nitasema tangu Alhamisi, au labda tangu mwanzo wa mwezi, na ningeweza kusema hivyo, hakuna ambaye angejua. Kidole changu cha kila asubuhi hakina shahidi.

"Tangu mwezi wa pili," nikasema.

Sasa ni mwezi wa kumi. Kulia kwangu, mahali ninapoona vizuri, shemeji alikuwa anakunja vidole kimoja kimoja, midomo yake inahesabu. Alipofika cha nane akaviangalia: miezi minane chini ya mzigo wangu. Halafu aliichukua pedi kochini, akaiweka sakafuni taratibu, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akajikumbatia, na dada yake akamtoa vipande vya uzi vilivyomnata begani.